Sinema, Imani na Kalamu: Kazi ya António de Macedo wa Ureno

Je, Mkristu aweza kutazama filmu ambayo Wakristu wenzake wameisema kuwa ni kufuru? Wengine hujibu mara moja: Hapana, asikanyage hata mlangoni. Wengine hucheka na kusema: Sinema ni mchezo tu, haimdhuru mtu. Sisi twaona kwamba majibu hayo mawili yanakuja upesi mno. Kwa hiyo leo tumemchagua mtu mmoja ambaye kazi yake yatulazimisha kufikiri polepole. Ndiye António de Macedo, mtengeneza filmu na mwandishi wa vitabu, Mreno wa mji wa Lisbon, aliyezaliwa tarehe 5 Julai 1931 na kufariki tarehe 5 Oktoba 2017.

Mtu huyo alifungiwa mlango mara tatu. Mara ya kwanza serikali ndiyo iliyofunga. Mara ya pili umati wa waumini ulisimama mbele ya mlango wenyewe. Mara ya tatu fedha zilikosekana. Mwishoni akabaki na kalamu, maana kalamu haina haja ya kuomba ruhusa wala fedha nyingi. Tuzitazame kazi zake, si zote, bali zile zinazotufundisha kitu. Tupime zipi ni njema, wapi alikosea, na wapi sisi Wakristu tulikosa pamoja naye.

Mwanzo wake

Macedo hakuanza na sinema. Alisomea kazi ya kuchora majengo, akamaliza masomo yake mwaka 1958, akafanya kazi hiyo mpaka mwaka 1964. Lakini moyo wake ulikuwa mahali pengine. Kabla hajatengeneza filmu yake kubwa ya kwanza, alikuwa amekwisha kuandika kitabu kuhusu uzuri wa sinema na namna ulivyokua tangu mwanzo. Basi tusiseme kwamba aligeuka mwandishi uzeeni tu. Kalamu ilitangulia, sinema ikafuata, kisha kalamu ikarudi.

Zamani zile Ureno ilikuwa chini ya utawala wa Salazar, serikali ileile iliyotawala Angola. Filmu haikuonyeshwa kwa watu mpaka wakaguzi wa serikali waitazame kwanza. Walikata vipande, na pengine walikataza filmu nzima. Hata hivyo, karibu na mwaka 1963, kundi la vijana walianza kutengeneza filmu za namna mpya. Paulo Rocha alileta Os Verdes Anos mwaka 1963, na Fernando Lopes alileta Belarmino mwaka 1964. Vijana hao hawakutaka tena filmu za nyimbo na vichekesho peke yake. Walitaka kuonyesha watu wa Ureno kama walivyo, na taabu zao. Aliyetafuta fedha na kuwasaidia wengi wao ni António da Cunha Telles. Huyo ndiye aliyemsaidia na Macedo pia.

Mgonjwa wa Jumapili

Filmu kubwa ya kwanza ya Macedo ni Domingo à Tarde, maana yake Jumapili alasiri. Ilionyeshwa Lisbon mwaka 1966. Aliitoa katika kitabu cha Fernando Namora, mwandishi ambaye mwenyewe alikuwa mganga wa hospitali na aliyejua kazi ya kutunza wagonjwa wa kansa.

Hadithi ni hii. Jorge ni mganga katika hospitali ya wagonjwa wasio na tumaini kubwa la kupona. Ameona vifo vingi, na moyo wake umekuwa mgumu kidogo. Huwatazama wagonjwa kama kazi ya kila siku. Siku moja anakuja Clarisse, mwanamke mwenye ugonjwa wa kansa ya damu. Mganga anampenda. Ajua vizuri kwamba dawa zake hazitamponya. Elimu yake yote yamwambia saa inakaribia, na moyo wake wakataa kusikia. Mwishoni Clarisse anakufa.

Kwa nini twaipenda filmu hii? Si kwa sababu mganga anafanya mambo yote sawasawa. Mganga anayempenda mgonjwa wake amejiingiza katika hatari, na wengi watamlaumu kwa haki. Twaipenda kwa sababu haimdanganyi mtazamaji. Haileti mwujiza wa uongo mwishoni ili watu watoke wakicheka. Wala haisemi kwamba kufa si kitu. Yamwonyesha mtu mwenye elimu anayefika mwisho wa elimu yake na kukuta hapo uso wa mtu anayeteswa. Kila mtu aliyekaa karibu na kitanda cha ndugu yake hospitalini, akingoja mganga aseme neno, na mganga akatazama chini, atafahamu filmu hii bila kufundishwa.

Tena kuna jambo hili. Macedo hakusema katika filmu hiyo: Amini, au, Usiamini. Aliacha ulizo likae. Mtu akifa, tumaini letu lategemea nini? Mkristu ana jibu lake, naye aweza kutoka katika sinema na kulishika jibu hilo kwa nguvu kuliko alipoingia. Filmu inayouliza ulizo la kweli haimwibii mtu imani yake.

Mwaka 1967 alitengeneza Sete Balas para Selma, filmu ya wapelelezi na bastola. Wachunguzi wa sinema waliishutumu sana. Walisema kijana wa kundi jipya hapaswi kutafuta fedha kwa michezo ya namna hiyo. Sisi hatutakaa hapo. Twakumbuka tu kwamba Macedo tangu siku zile hakukubali kufungwa katika kundi moja. Alipenda mambo ya ajabu, ya kutisha na ya kuchekesha, hata wenzake walipokunja uso.

Kisha mlango wa kwanza ukafungwa. Filmu yake Nojo aos Cães, ya mwaka 1970, yasema habari za vijana wanaokataa mambo ya wakubwa. Wakaguzi wa serikali waliikataza. Watu wa nchi yake hawakuruhusiwa kuitazama.

Nadhiri ya wavuvi

Mwaka 1973 akaleta A Promessa, maana yake nadhiri, ama ahadi. Filmu hiyo ilichaguliwa kushindana na filmu za mataifa mengine katika mji wa Cannes, Ufaransa, mwaka uleule. Aliitoa katika mchezo wa Bernardo Santareno, uliochezwa mara ya kwanza mwaka 1957.

Tupo katika kijiji cha wavuvi. Tufani imekuja, na baba wa kijana José yuko baharini. José na Maria do Mar wanamwomba Mungu, wanaweka nadhiri: baba akirudi mzima, wao wataoana lakini hawatakaribiana kama mume na mke. Baba anarudi. Basi nyumba moja inakuwa na watu wawili waliofunga ndoa na ambao hawathubutu kugusana. Kijiji kinatazama, kinanong'ona, kinahesabu miezi. Halafu mtu mgeni aliyejeruhiwa anaingizwa katika nyumba hiyo ili atunzwe, na wivu unaingia pamoja naye. Mambo yanamalizika kwa damu.

Wako Wakristu waliosema kwamba hadithi hii yatukana dini. Sisi hatusemi hivyo. Nani kati yetu hajapata kusikia habari ya mtu aliyeahidi jambo kubwa wakati wa hofu? Mtoto ana homa kali, mama anasema: Mungu wangu, ukimponya, sitakula nyama maisha yangu yote. Mashua inayumba, wasafiri wanaahidi mambo ambayo wakifika pwani watayaogopa. Hofu ni mama wa nadhiri nyingi. Filmu hii yatuonyesha kwamba watu wawili wema, wenye kusali, waweza kujifunga kamba ambayo Mungu hakuwaomba.

Hapa Mkristu aliyefundishwa vizuri anao msaada ambao wale wavuvi hawakuutafuta. Kanisa lafundisha kwamba nadhiri iwe ya jambo linalowezekana na lililo jema zaidi kuliko kinyume chake. Ikiwa imewekwa kwa hofu kubwa isiyo ya haki, haina nguvu. Tena nadhiri ya mtu binafsi yaweza kuondolewa na wakubwa wa Kanisa. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1196, yampa hata paroko uwezo huo kwa watu wa parokia yake, akiwa na sababu ya haki na bila kuvunja haki ya mtu mwingine. Kwa hiyo atazamaye A Promessa asiondoke akisema: Tazama, dini yaua. Aseme: Hofu bila shauri yaua. Laiti mtu mmoja angaliwashika mkono José na Maria do Mar na kuwapeleka kwa padri mwenye busara!

Twaona tena kwamba Macedo hakuwacheka watu hao. Bahari yao ni bahari kweli, na machozi yao ni machozi kweli. Ndiyo maana kazi hii yaumiza. Mtengeneza filmu aliyetaka kudharau tu angaliwafanya wajinga, nasi tungalicheka na kusahau.

Maria kipofu

Tarehe 25 Aprili 1974 askari waliuangusha utawala ule wa zamani, na wakaguzi wa filmu wakaondolewa. Macedo pamoja na wenzake walianzisha chama cha kutengeneza filmu kiitwacho Cinequanon. Sasa aliweza kusema lolote alilotaka. Akatengeneza As Horas de Maria, maana yake saa za Maria. Ilifika mbele ya watu mwaka 1979.

Ndani ya filmu hii yumo mwanamke kijana, kipofu, anayetumaini mwujiza wa Fátima. Kwa njia yake Macedo anayatia mashaka mambo ya Fátima na ibada ya watu kwa Bikira Maria. Tukumbuke Fátima ni nini kwa Wareno. Toka Mei mpaka Oktoba mwaka 1917 watoto watatu wachungaji, Lúcia, Francisco na Jacinta, walisema wamemwona Mama Maria. Mwaka 1930 askofu wa Leiria alitangaza kwamba matokeo hayo yastahili kusadikiwa. Tangu hapo watu wasiohesabika wamekwenda huko kwa miguu, wengine kwa magoti, wakibeba wagonjwa wao.

Kwa hiyo filmu ilipoonyeshwa Lisbon, waumini walikusanyika mbele ya sinema. Walisali, walipiga kelele za kuikataa, na palikuwa na fujo. Jina la Macedo likajulikana kote kama jina la mkufuru.

Sisi tunasema nini? Tunasema maneno mawili, na yote mawili ni magumu.

Neno la kwanza twamwambia Macedo. Mkristu halazimishwi kusadiki Fátima kama anavyosadiki Kanuni ya Imani. Kanisa lenyewe lafundisha kwamba matokeo ya namna hiyo hayaongezi kitu katika Injili, bali yasaidia watu kuiishi. Kwa hiyo kuuliza maulizo juu ya Fátima si dhambi. Lakini kuna njia ya kuuliza. Katika Domingo à Tarde, Clarisse alikuwa mtu. Tulimjua, tulimlilia. Katika As Horas de Maria, kwa maoni yetu, yule kipofu amekuwa chombo cha mabishano. Mwandishi ana hoja yake tayari, na mgonjwa anawekwa katikati ili hoja ipate kushinda. Hapo sanaa yenyewe inapungua. Mtu maskini anayetumaini kupona hana nguvu ya kujitetea mbele ya kamera. Kumchukua yeye, na kitu ambacho mama yake alimfundisha kupenda, na kukipasua mbele ya watu, si ushujaa mkubwa. Macedo alipoogopa wakaguzi wa serikali aliwaheshimu watu wadogo. Alipokuwa huru aliwasahau kidogo.

Neno la pili twajiambia sisi wenyewe. Kusali rozari mbele ya sinema ni haki ya Mkristu. Mtu akimtukana mama yako, hutanyamaza kana kwamba hukusikia. Lakini kumzuia mtu kwa nguvu, kumtisha, kufanya fujo, ni jambo jingine. Nchi ile ilikuwa imetoka miaka mitano tu katika mikono ya serikali iliyokataza filmu, vitabu na magazeti. Je, tulitaka kazi ya wakaguzi ifanywe sasa na umati? Tena, umati ulipata faida gani? Wengi ambao hawakupata kusikia jina la filmu hiyo walilisikia kwa ajili ya zile kelele.

Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, ulieleza njia nyingine. Ulifundisha kwamba kuonyesha ubaya katika filmu kwaweza kumsaidia mtu aujue moyo wa binadamu zaidi, mradi sheria ya wema ishikwe. Tena uliwapa watazamaji wajibu wa kuchagua wenyewe kwa dhamiri, baada ya kusikia shauri la wenye kujua. Kuchagua ni kazi ya kichwa na moyo. Jiwe halichagui kitu.

Kutoka sinema kwenda kitabuni

Baada ya hapo Macedo aliacha mabishano ya namna ile, akarudi katika mambo ya ajabu aliyoyapenda tangu ujana. Mwaka 1980 akatoa filmu katika kitabu cha José Régio kiitwacho O Príncipe com Orelhas de Burro, mwana wa mfalme mwenye masikio ya punda. Hadithi hiyo ni ya zamani, Wareno huisimulia watoto: mtoto wa mfalme amepewa uzuri na akili, lakini amepewa na masikio ya punda pia, asije akajivuna. Hadithi njema! Nani kati yetu hana masikio ya punda anayoyaficha chini ya kofia?

Mwaka 1984 alileta Os Abismos da Meia-Noite. Filmu hiyo ya ajabu na ya usiku iliwapendeza watu wengi, ingawa wachunguzi hawakuisifu. Kisha Os Emissários de Khalôm, ya mwaka 1988, na Chá Forte com Limão, ya mwaka 1993. Hiyo ya mwisho ilifunga kazi yake ya miaka mingi, kwa maana mlango wa tatu ulikuwa unafungwa. Katika Ureno, nchi ndogo, filmu haiwezi kutengenezwa kwa tiketi za watazamaji peke yake. Fedha za serikali ndizo zinazosaidia, nazo zagawanywa na tume. Macedo aliomba mara nyingi, akanyimwa. Wengine walitaka filmu nzito za kupeleka katika mashindano ya nchi za nje. Yeye alitaka kusimulia mambo ya ajabu kwa watu wa kawaida. Akachoka kuomba, akaacha.

Hakuna aliyemkataza wakati huo, wala hapakuwa na umati mlangoni. Karatasi tu zilirudi na neno hapana. Twafikiri mlango huu wa tatu ulikuwa mzito kuliko ile miwili, maana haukupiga kelele, na hakuna aliyekuja kumtetea.

Basi akaandika. O Limite de Rudzky kilitoka mwaka 1992, Contos do Androthélys mwaka 1993, Sulphira & Lucyphur mwaka 1995, A Sonata de Cristal mwaka 1996, na vingine vikafuata mpaka As Furtivas Pegadas da Serpente mwaka 2004. Ni hadithi za ajabu, za ulimwengu usioonekana. Pamoja na hayo alifundisha vyuoni, akasoma sana mambo ya dini za kale. Mwaka 2010, akiwa mzee wa miaka karibu themanini, alipewa cheo cha udaktari katika chuo kikuu cha Lisbon kiitwacho Universidade Nova.

Hapa tena tunalo neno la kusema. Macedo alivutwa na elimu ya siri: mafundisho yaliyofichwa, yanayofunuliwa kwa wachache walioandaliwa. Mkristu atembee kwa hadhari hapo. Tangu karne ya pili Mtakatifu Ireneo aliwapinga watu waliosema kwamba Kristu aliwaachia wachache fundisho la siri. Bwana mwenyewe, alipoulizwa na kuhani mkuu, alijibu kwamba alifundisha waziwazi, mbele ya watu wote. Wokovu si ufunguo unaofichwa mfukoni mwa mwenye akili. Mama asiyejua kusoma, anayeshika rozari yake, ameukaribia kama mwalimu wa chuo kikuu, na pengine kumpita.

Lakini tuseme haki. Mtu asiyejali mambo ya Mungu hatumii maisha yake yote akiyazunguka. Macedo aliyazunguka tangu ujana mpaka uzee: kitanda cha mgonjwa, nadhiri ya wavuvi, kipofu wa Fátima, mizimu, ulimwengu wa roho. Alipiga hodi katika milango mingi, na pengine alipiga kwa ngumi. Wengi wanaopita kimya hawapigi hodi kabisa.

Neno la mwisho

Mwaka 2016 João Monteiro alitengeneza filmu ya kusimulia habari zake, Nos Interstícios da Realidade ou o Cinema de António de Macedo. Vijana ambao hawakupata kuziona kazi zake walianza kuuliza habari zake. Mwaka uleule Macedo alionyesha O Segredo das Pedras Vivas, aliyoiunga kwa picha alizokuwa amezipiga zamani kwa ajili ya televisheni. Mwaka uliofuata akafariki.

Twarudi kwenye ulizo letu la kwanza. Mkristu atazame ama asitazame? Sisi twasema: ajijue kwanza. Aliye dhaifu katika imani, ama kijana asiye na mtu wa kumweleza, asianze na As Horas de Maria. Hakuna aibu kuacha chakula ambacho tumbo lako halikiwezi. Aliye imara akiitazama, aitazame pamoja na wengine, kisha wazungumze, na amwambie mwenye filmu: Hapa umesema kweli, hapa umemwonea mtu maskini. Lakini A Promessa yaweza kuonyeshwa hata katika chumba cha parokia, mbele ya wakubwa waliooana, na paroko akae nao kujibu maulizo. Na Domingo à Tarde twatamani ionwe na kila mganga na kila mwuguzi. Labda akitoka hapo, atakaporudi kazini kesho yake, atavuta kiti karibu na kitanda cha mgonjwa asiyeweza kupona, naye atakaa kidogo.